Solo za gitaa la kulaza zilizojificha nyuma ya waimbaji

Swali: "Jambo papa. Mimi ni mpiga solo wa kwaya moja hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Nyumbani tulikulia kwenye kaseti za baba: Bosco na Franco wa hapa kwetu Kongo, na nyimbo za kantri za Marekani, hasa Charley Pride na Jim Reeves. Katika zile za kantri kuna gitaa linalolia kwa kuteleza, na nimeambiwa hupigwa likiwa limelazwa. Kila nikiomba solo nzuri za gitaa hilo, naletewa 'Sleep Walk' ya Santo & Johnny. Naipenda, ila nimeisikia mpaka basi. Wewe papa ungenipa zipi, hasa zile zisizotajwa sana? Na je, mtu mwenye gitaa la kawaida kama langu anaweza kuzijaribu?"

Jambo, mwanangu. "Sleep Walk" ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1959 kwa haki yake, na sikuambii uiache. Tatizo ni kwamba imewazoesha watu kulitafuta gitaa hili pale tu linapobaki peke yake mbele ya jukwaa. Kazi yake kubwa limeifanya nyuma ya waimbaji. Solo ninazozipenda kuliko zote hazina hata jina. Ni vipimo nane vya muziki, pengine kumi na sita, katikati ya wimbo wa mtu mwingine, na mara nyingi aliyezipiga hakutajwa kwenye jalada la santuri. Huko ndiko nitakakokupeleka.

Lakini tuanze na chombo chenyewe, maana bila kukielewa utasikia kilio tu. Gitaa hili lilizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, kijana wa Laie katika kisiwa cha Oahu. Gitaa linalazwa mapajani, nyuzi zinainuliwa zisiguse freti, vile vyuma vilivyopangwa shingoni, mkono wa kulia unachuna na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Marekani nzima ilishikwa na homa ya muziki wa Hawaii, na wapigaji wakatawanyika hadi Ulaya na Asia. Ndiyo maana rekodi ya kwanza ninayokupa ilifanyiwa Paris: "Tomi Tomi" ya Kanui na Lula, mwaka 1933. Isikilize kwa ajili ya furaha yake. Wengi wanadhani gitaa hili ni la huzuni tu, na hapa linakimbia, linaruka, linacheka. Ukishaisikia hutakubali tena mtu akuambie kwamba kuteleza ni kulia.

Ya pili unaijua, ila nadhani hujawahi kuisikiliza katikati yake: "I'm So Lonesome I Could Cry" ya Hank Williams, 1949. Kila mtu anamtaja Hank. Aliyeshika gitaa la kulaza ni Jerry Byrd, na gitaa lake halikuwa na pedali hata moja: nyuzi, chuma na sikio. Hapa nataka usikilize jambo moja tu, kwamba haongezi kitu. Anaimba ile melodi aliyotoka kuiimba Hank, karibu neno kwa neno. Ufundi wote umo kwenye kufika. Kila sauti anaifikia kutoka chini kidogo, anatua, na mtetemo wa mkono wake unaanza baada ya kutua. Wapigaji wengi wanatetemesha chuma tangu mwanzo ili kuficha kwamba hawajaipata noti. Byrd anakuonyesha noti ikiwa safi kwanza, ndipo anaitetemesha. Mtu huyu aliupenda muziki wa Hawaii kiasi kwamba mwaka 1972 aliiacha Marekani bara akahamia Honolulu, akawafundisha vijana wa huko gitaa lililozaliwa kwao. Mimi namweka juu ya wote kwa usafi wa sauti, na sitegemei kubadilika.

Sasa tuje kwenye pedali, kwa kuwa ile sauti ya kwenye kaseti za baba yako ni ya pedali. Ukiwa na chuma peke yake, nyuzi zote unazozigusa zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Unaweza kukiinamisha chuma kimshazari ili uzi mmoja uwe mbele ya mwingine, na Byrd alikuwa bingwa wa hilo, ila kuna mipaka. Wapigaji walitaka uzi mmoja utulie wakati mwingine unasogea. Ndipo mafundi wakatengeneza gitaa lenye miguu yake, kama meza, na chini yake pedali zilizounganishwa na nyuzi kwa fito. Ukikanyaga, fito inavuta, na uzi uliouchagua unakazwa au kulegezwa kwa kipimo kamili.

Nikuonyeshe kwa noti. Katika mpangilio wanaoutumia sana watu wa kantri, ambao wanauita E9, zimo nyuzi za mi, sol dieze (yaani sol iliyopandishwa nusu hatua) na si, yaani akodi ya mi meja. Pedali moja inaipandisha si hadi do dieze. Pedali ya jirani yake inaipandisha sol dieze hadi la. Kanyaga zote mbili bila kukisogeza chuma: mi imebaki palepale, wenzake wawili wamepanda, na sasa unayo la meja. Umehama kutoka akodi ya kwanza kwenda ya nne, na mkono wa kushoto haujatikisika. Katika nyimbo za kwaya mwendo huo unaupiga kila Jumapili. Ukiziachia pedali ukarudi kwenye ya kwanza, huo ndio mwendo wa "Amina". Tofauti ni kwamba katika gitaa lako akodi inakatika ili nyingine ianze. Katika gitaa la pedali akodi moja inageuka kuwa nyingine ikiwa bado inalia, na msikilizaji anazisikia noti zikipita njiani.

Wimbo uliowashtua watu kwa sauti hiyo ni "Slowly" wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954, na mpigaji ni Bud Isaacs. Pedali zilikuwepo kabla yake, lakini wapigaji walikuwa wakizikanyaga ili kubadilisha mpangilio wa nyuzi, kisha ndipo wachune. Isaacs alichuna kwanza, akakanyaga nyuzi zikiwa zinalia. Tangu siku hiyo wapigaji wa Nashville, mji wa studio za kantri, walianza kuhangaika kutafuta pedali. Baadaye mpigaji mwingine, Buddy Emmons, akaigawa ile kazi ya pedali moja ya Isaacs kwenye pedali mbili tofauti, moja kwa kila sauti, na ndiyo hiyo niliyokueleza hapo juu.

Wewe una bahati ambayo Mmarekani wa kawaida hana: sikio lako limelelewa na Bosco. "Masanga", ambayo Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, yaani Likasi yetu, mwaka 1952, ni gitaa moja lenye sauti mbili zinazokwenda kila moja njia yake, kidole gumba kikishika chini na kidole cha shahada kikizungumza juu. Mtoto wa Katanga anazifuata sauti mbili bila kufundishwa. Peleka sikio hilohilo kwenye "Slowly". Uliza tu: ni uzi gani umetulia, na ni upi unaosogea? Siku utakapoweza kujibu, umelielewa gitaa la pedali, hata kama hujawahi kuliona kwa macho.

Ukitaka kupima kama umeelewa, nenda kwenye "Together Again" ya Buck Owens, 1964. Ilitolewa upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo uliotarajiwa kuvuma, kisha nao ukafika nafasi ya kwanza. Mpigaji ni Tom Brumley. Watu wa kantri wanaiheshimu mno solo hii, lakini nje ya nyumba yao haijulikani, na kwangu ndiyo solo bora ya pedali iliyorekodiwa katika wimbo wa kuimbwa. Ni ya polepole na ni fupi. Sikiliza mguu wake wa kulia. Chini ya mguu huo kuna pedali nyingine ambayo haigusi nyuzi, ya sauti kubwa na ndogo. Mpigaji anachuna ikiwa nusu imefungwa, halafu uzi unavyoanza kufifia yeye anaifungua taratibu, hivyo noti haifi. Inabaki na nguvu ileile, au hata inakua, jambo ambalo uzi uliochunwa hauwezi kulifanya wenyewe. Brumley anaitumia kwa kiasi: sauti inavimba pale tu ambapo mwimbaji angevuta pumzi. Na akimaliza, Buck anaingia bila kupandisha sauti, kwa kuwa hakuna pengo la kujaza.

Umemtaja Charley Pride, na hapo nafurahi sana. Tafuta albamu yake "In Person", iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth, Texas, na kutolewa mwaka 1969. Gitaa la pedali ni la Lloyd Green. Kumbuka hali ya wakati ule: mwimbaji mweusi kutoka Mississippi, anaimba kantri mbele ya watu wa Texas, miaka ya 1960. Pride ametulia, anaongea nao, wanacheka naye, na bega kwa bega naye yupo Green anayejibu kila mstari. Sikiliza "Kaw-Liga", kisha "Crystal Chandeliers", na safari hii usimfuate mwimbaji. Fuata zile nafasi anapofunga mdomo. Green anaingia mwishoni mwa neno, anasema kitu kifupi, anatoka kabla Pride hajarudi. Hamkanyagi hata mara moja. Mpiga solo wa kwaya akijifunza hilo tu, kwaya nzima itaimba vizuri zaidi, maana tatizo la wapiga solo wetu wengi hapa mjini ni kupiga juu ya maneno ya watu. Green alikaa studio za Nashville miaka mingi, na ndiye unayemsikia pia mwanzoni mwa "You Ain't Going Nowhere" ya bendi ya roki The Byrds, 1968. Ukiwasikiliza Pride na The Byrds mfululizo utatambua mkono uleule katika nyumba mbili tofauti kabisa.

Kwa kuwa unapiga kanisani, kuna jambo jingine ambalo nashangaa halijafika kwetu. Marekani lipo kanisa la Wapentekoste weusi linaloitwa House of God, na katika ibada zake gitaa la kulaza limechukua nafasi ambayo kwingine ni ya kinanda. Mambo yalianza miaka ya 1930 Philadelphia. Troman Eason alijifunza gitaa hilo kwa mwalimu wa Kihawaii, akalipeleka kanisani. Mdogo wake, Willie Eason, hakuutaka mtindo wa Hawaii. Yeye alilifanya gitaa liimbe kama wazee na wamama wa kanisa wanavyoimba: uzi mmoja, maneno yanasikika karibu yote, na kilio pale ambapo muumini angelia. Kwa zaidi ya miaka 50 muziki huu ulibaki ndani ya kuta za makanisa yao. Mwaka 1997 kampuni ya Arhoolie ilitoa mkusanyiko wa "Sacred Steel", wenye wapigaji wa Florida, na dunia ikasikia. Tafuta humo Aubrey Ghent. Ukimsikia akipiga tenzi utashangaa, kwa kuwa hakuna anayeimba na bado unayasikia maneno. Baada yake tafuta Calvin Cooke na ndugu wa Campbell, halafu Robert Randolph, kijana wa kanisa hilohilo aliyelitoa gitaa mpaka kwenye viwanja vikubwa. Mimi nabaki na wazee. Randolph ana moto wa kutosha, lakini solo ya Ghent ninaweza kuiimba kwa mdomo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwangu solo inayoimbika ina uzito zaidi.

Na bluzi? Huko gitaa hili limesahaulika mno, ila msikilize mtu mmoja wa Houston, Hop Wilson. Wimbo wake "My Woman Has a Black Cat Bone" una gitaa la kulaza lililopigwa kwa hasira na uchafu wa ampli ndogo. Haufai kanisani, ila kwa sikio ni dawa. Nyuma zaidi yupo Sylvester Weaver wa Louisville, aliyerekodi "Guitar Rag" mwaka 1923. Melodi hiyo ndiyo baba wa "Steel Guitar Rag", ambayo Leon McAuliffe aliipiga na bendi ya Bob Wills mwaka 1936 na ikawa karibu wimbo wa taifa wa gitaa la kulaza. Wengi wanamjua mtoto, baba hawamjui. Msikilize baba.

Kati ya hao wawili weka "Taking Off" ya Milton Brown and His Musical Brownies, Januari 1935. Bob Dunn alilitia gitaa lake umeme wakati ambapo karibu hakuna aliyefanya hivyo katika rekodi za kantri, na akapiga kama mpuliza tromboni wa jazi: vifungu vifupi vinavyokatika ghafla, vinarudi mahali usipotarajia. Tumezoea kwamba kuteleza ni kuvuta. Dunn anakata.

Ukipenda jazi yenyewe, Buddy Emmons, yuleyule aliyegawa pedali, mwaka 1963 alikwenda New York akarekodi "Steel Guitar Jazz" pamoja na wanamuziki wa jazi wa pale, Jerome Richardson akiwa kwenye saksofoni. Anza na "Bluemmons", aliyoitunga mwenyewe. Chombo alichokuwa akikipiga nyuma ya waimbaji wa kantri kinaongea hapa lugha ya saksofoni bila kigugumizi. Rekodi hiyo haikumfanya nyota wa jazi, akarudi Nashville kuendelea na kazi, na bado hadi leo wapigaji wa gitaa hili wanaisikiliza kama darasa.

Miaka ya 1970 nakupa kitu kimoja tu. Michael Nesmith alitoa mwaka 1972 albamu iitwayo "And the Hits Just Keep On Comin'". Humo wamo watu wawili: Nesmith na gitaa lake akiimba, na Red Rhodes kwenye gitaa la pedali. Hakuna ngoma, hakuna bezi. Kwa hiyo Rhodes ndiye bendi yote. Kwa mtu anayejifunza, albamu hii ina faida kuliko zote nilizotaja, kwa kuwa hakuna kinachomficha. Kila anachofanya unakisikia, hadi chuma kinapoguswa kwenye uzi. Sikiliza anavyoshika noti mbili ndefu chini ya mstari mzima wa wimbo, na wimbo hauanguki.

Uhindi nao walilipokea gitaa hili wakalifanya lao. Brij Bhushan Kabra alililaza gitaa akapigia raga, yaani muziki wa jadi wa Kihindi, na mwaka 1967 akatoa "Call of the Valley" pamoja na Shivkumar Sharma wa santuri ya Kihindi, ile ya kugongwa kwa vijiti, na Hariprasad Chaurasia wa filimbi. Na kwa siku utakayokuwa na utulivu wa usiku, "Soledad" ya Susan Alcorn, 2015: muziki wa dansi ya tango wa Mwargentina Astor Piazzolla kwenye gitaa la pedali. Alcorn alianzia kwenye bendi za kantri za Texas, na njia aliyoifuata mpaka hapo ni ndefu. Ni muziki mgumu, usiuanze kwanza.

Sasa nyumbani kwetu Afrika. Nigeria ndiyo iliyolipa gitaa la pedali heshima kubwa zaidi. King Sunny Adé alimweka Demola Adepoju katikati ya bendi yake, kati ya magitaa mengi na ngoma zinazoongea, na katika "Juju Music" ya 1982 unamsikia akipita juu ya mdundo bila kuukatisha. Anza na "Ja Funmi". Adepoju hapigi solo ndefu. Anatokea, anateleza mara moja au mbili, anapotea, na wewe unabaki unamngoja arudi. Ndiye pia aliye kwenye wimbo "Graceland" wa Paul Simon, 1986. Watu wengi wameusikia huo bila kujua kwamba gitaa lile la kuteleza ni la Mnaijeria.

Na Kongo? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Zacharie Elenga alirekodi kwa kampuni ya Opika na kupata sifa kwa jina la Jhimmy wa Hawaii, kwa sababu ya sauti aliyoileta kwenye gitaa. Vijana waliokuja baadaye walikua wakimsikia. Mmoja wa waliolishika gitaa la Hawaii lenyewe ni Nicolas Kasanda, Docteur Nico, mzaliwa wa Mikalayi, Kasai, aliyelitumia katika baadhi ya nyimbo zake na African Fiesta Sukisa. Sote tunamjua Nico wa solo zinazotiririka. Chukua mkusanyiko wa Sukisa, sikiliza wimbo baada ya wimbo, na utakapokuta gitaa limeacha kuchuna likaanza kuteleza, simama hapo, urudie. Ninasema hili kwa moyo wote: kama vijana wa Lubumbashi wangejua kwamba Docteur Nico aliwahi kulilaza gitaa, wasingeona kuteleza kuwa ni kitu cha Wamarekani.

Swali lako la mwisho: ndiyo, unaweza, na huhitaji kununua kitu. Usiliharibu gitaa lako zuri; tafuta lile la zamani ambalo shingo yake imepinda kidogo, lile ambalo halishiki tena akodi vizuri. Kwa kazi hii kupinda hakudhuru, maana huzibani nyuzi kwenye freti. Kule juu, nyuzi zinapoanzia karibu na vigingi, pitisha chini yake kipande cha nondo nyembamba au boliti iliyokatwa kichwa, ili zote zipande sawa na zisiguse freti. Badala ya chuma cha dukani, nenda kwa mafundi wa pikipiki uombe kile kipini kinachoshika pistoni, kilichochakaa. Ni kizito, ni laini, ni mviringo kamili. Kama kina mikwaruzo kitafute kingine, kwa sababu kila mkwaruzo utausikia.

Tyuni nyuzi zako hivi, kutoka nene hadi nyembamba: re, sol, re, sol, si, re. Ukizipiga wazi zote unapata sol meja. Tatu zinashuka kutoka ulivyozoea na nyingine zinabaki, hivyo hakuna utakaoukata. Laza gitaa mapajani, weka chuma juu ya mstari wenyewe wa freti. Vidole vinapozoea gitaa la kawaida vinakaa nyuma ya freti, na hapo ndipo wengi wanapotoka nje ya sauti. Freti ya tano inakupa do, ya saba inakupa re, na kwa hizo mbili pamoja na nyuzi wazi tayari unayo akodi tatu za nyimbo nyingi za kwaya yako. Vidole viwili vya nyuma ya chuma viache vilale juu ya nyuzi, viburute pamoja nacho, vinazima kelele. Ukiona sauti inakwaruza au inavuma vibaya, kwa kawaida ni vidole hivyo vimeinuka.

Miezi ya kwanza usitetemeshe mkono kabisa. Chagua tenzi moja ya polepole ambayo unaijua tangu utotoni, tumia uzi mmoja tu, na uimbe kwa sauti wakati unapiga. Pale unapoimba kwa kuteleza, teleza. Pale unapoimba kwa kutua moja kwa moja, inua chuma na utue. Usiteleze kila mahali. Jirekodi kwa simu, sikiliza kwa spika za masikioni, maana spika ya simu inameza sauti za chini na itakudanganya kuhusu noti. Ukishaweza tenzi hiyo kwa uzi mmoja, ongeza wa pili. Hapo rudi kwa Jerry Byrd, kwenye ile solo ya 1949, uipige pamoja naye mpaka usisikie tofauti ya noti kati yenu. Hutahitaji pedali kwa hilo, kwa kuwa naye hakuwa nayo.

Kwenye kwaya, usianze kwa kuomba nafasi ya solo. Omba nafasi ya kujibu mwishoni mwa mistari katika wimbo mmoja tu, ubeti wa pili, jinsi Green alivyofanya kwa Pride, na mwombe mwalimu wa kwaya asimame nyuma ya ukumbi asikilize kama maneno yanasikika. Yakisikika yote, endelea hadi ubeti wa tatu.